Jirani wa Chini

Kuna maswali ambayo mtu huyaona mepesi mpaka ajaribu kuyajibu. Mojawapo ni hili: Je, mtu hudaiwa kwa tendo dogo ambalo, mara baada ya kutendwa, huchukuliwa mbali na macho yake, likachanganyika na matendo ya watu wengine elfu, hata lisiweze kutambulika tena kuwa ni lake? Mwizi wa mbuzi hukamatwa na kamba mkononi. Muuaji hufuatwa kwa alama za damu. Lakini mtu amwagaye ndoo moja ya maji machafu kijitoni hana kamba mkononi wala damu nyayoni. Maji yamekwenda, na ushahidi umekwenda nayo. Aghalabu mtu huyo hurudi nyumbani na moyo mweupe, akalala usingizi wa mtu asiye na deni.

Yafaa tuulize kama usingizi huo ni wa haki. Na ili swali lisielee hewani kama moshi, tutalifunga mahali panapojulikana, katika vijito vipitavyo Kawangware na mitaa iliyo jirani nayo. Vijito hivyo havina sifa ya ukubwa. Hakuna meli ipitayo humo, wala hakuna msafiri avukaye bahari ili aje kuvitazama. Lakini mwalimu mzuri si lazima awe mtu mkubwa, na kijito chaweza kutufundisha jambo ambalo mto mkubwa umelificha kwa wingi wa maji yake.

Kawangware imekaa upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, mahali ambapo nyanda za juu za Kikuyu huteremka kuelekea mashariki. Nchi ile imekunjamana kama kitambaa kilichofinywa kwa vidole: mgongo kisha bonde, mgongo kisha bonde, na katika mabonde mna mikondo ya maji. Mingine ina majina yanayojulikana, kama Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo. Mingine haina jina ila lile iliyopewa na majirani zake. Mto Nairobi wenyewe huanza juu zaidi, katika kinamasi cha Ondiri karibu na mji wa Kikuyu, ambako mafunjo na majani yamefuma zulia juu ya maji, na ardhi hutikisika chini ya mguu wa mtu. Jina la Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Basi jiji hili lilipewa jina la maji kabla ya kuwa na nyumba hata moja ya mawe. Upande wa kusini, mto Ngong hupita kando ya Kibera, mtaa ambao jina lake katika lugha ya Wanubi lilikuwa na maana ya msitu, na huingia katika Bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953. Mikondo yote hii mwishowe hukutana, huingia katika mto Athi, na Athi hubadili jina njiani ukaitwa Galana, kisha Sabaki, hata ukamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Malindi.

Tuanze na maumbile ya kijito, kisha tuje kwenye wajibu wa mtu. Kwa maana si haki kumhukumu mtu kwa jambo ambalo hatulielewi lilivyo. Watu wengi hudhani mto ni jambo kubwa, na kijito ni kipande chake kisicho na maana. Ukweli ni kinyume. Tungevipanga vijito vyote vidogo vya dunia katika mstari mmoja, urefu wake ungezidi nusu ya urefu wa mito yote. Vingi havikuandikwa katika ramani. Zaidi ya hayo, katika kijito chembamba karibu kila tone hugusa ukingo, jiwe, mzizi au tope. Katika mto mpana maji ya katikati husafiri mbali bila ya kugusa kitu. Katika kijito hakuna maji ya katikati. Kwa hiyo kijito hujua habari za nchi kuliko mto ujuavyo. Likianguka jani ukingoni, kijito kina habari. Udongo ukilimwa ovyo mteremkoni, kijito hugeuka rangi siku ile ile.

Miongoni mwa vitu ambavyo kijito hubeba, kimoja hakionekani kwa macho, nacho ni kaboni. Kijana wa Kawangware hana haja ya kwenda maabara ili aijue. Muuza makaa apimaye bidhaa yake kwa debe kando ya njia huuza kaboni. Kipande kile cheusi ni kaboni kwa sehemu kubwa. Mti uliozaa makaa hayo uliipata wapi? Uliivuta kutoka hewani. Majani ya mti hupokea hewa ukaa, na kwa nguvu ya jua huigeuza kuwa jani, tawi na shina. Jani likianguka, wadudu hulitafuna na vijidudu visivyoonekana hulioza, navyo katika kula kwao hupumua kama sisi tupumuavyo, wakarudisha hewa ukaa. Mizizi nayo hupumua. Kwa sababu hiyo hewa iliyofungwa kati ya chembe za udongo yaweza kuwa na hewa ukaa mara kumi, hata mara mia, kuliko hewa tuivutayo juu ya ardhi.

Mvua inyeshapo juu ya shamba au msitu, maji huzama katika udongo huo polepole, nayo huiyeyusha hewa ile ndani yake. Siku nyingi baadaye maji hutokea chini ya mteremko kama chemchemi, safi na baridi, lakini yamejaa pumzi ya udongo. Hapo hutukia jambo ambalo kila mtoto amelishuhudia afunguapo chupa ya soda: hewa iliyofungwa hutoka. Kijito kinapojirusha juu ya mawe, kikivunjika na kutoa povu, hutoa hewa ukaa kwa wepesi. Kijito kiendacho mteremko mkali hupumua haraka. Kilicho tambarare hupumua taratibu. Hivyo mwendo wa maji ndio utawalao mwendo wa kaboni.

Basi kaboni iingiayo katika maji ina njia tatu mbele yake: kurudi hewani, kuzikwa katika matope, au kufika baharini. Kwa muda mrefu watu walidhani mito ni kama mabomba, ambayo hupokea kitu mwanzo na kukitoa kile kile mwisho. Makisio ya wanasayansi yaliyotangazwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba maji ya bara hupokea kutoka nchi kavu kaboni ya yapata tani bilioni 1.9 kila mwaka, lakini ifikayo baharini ni yapata tani bilioni 0.9 tu. Iliyobaki huzikwa au hurudi hewani. Makisio mengine ya mwaka 2013 yaliongeza hesabu, yakisema kwamba mito na vijito peke yake hutoa hewani yapata tani bilioni 1.8 kwa mwaka. Hesabu hizi zaweza kusahihishwa kesho na vipimo vilivyo bora, lakini fundisho lake halitanguki: mto si bomba. Mto hupokea, hutumia, hugeuza, huweka akiba, na hutoa. Mto u hai kwa namna yake.

Hapa msomaji mwangalifu atauliza: Ikiwa kijito safi kabisa cha msituni nacho hutoa hewa ukaa, je, kijito kina hatia? Kama hakina, mbona mwanadamu alaumiwe kwa kutoa kitu kile kile? Swali hili ni zuri, na jibu lake lafaa kukumbukwa katika mambo mengi ya maisha. Kaboni si adui. Ndiyo iliyojenga mwili wa msomaji na karatasi asomayo. Uovu haumo katika kitu bali katika kupita kiasi. Kijito cha msituni hutoa hewa ukaa ambayo msitu uliivuta jana, nao utaivuta tena kesho. Ni mkopo na malipo kati ya majirani wanaoaminiana. Chumvi ni utamu wa mchuzi mpaka itiwe gunia.

Tazama sasa jinsi kiasi kinavyopotezwa. Mteremko uliokuwa na miti na mashamba hufunikwa kwa mabati, saruji na lami. Mvua haizami tena. Huteleza juu ya paa, ikaingia mtaroni, ikafika kijitoni kwa dakika chache badala ya siku nyingi. Kwa hiyo kijito kile kile huwa na ghadhabu wakati wa mvua na kiu wakati wa kiangazi. Tena maji ya vyoo, mabaki ya sokoni na damu ya machinjioni vikiingia humo, vijidudu hupata karamu isiyo na mwisho. Navyo hula na kupumua kwa nguvu hata oksijeni iliyomo majini ikaisha. Samaki na wadudu wa maji hufa. Na katika tope jeusi lisilo na oksijeni hutokea hewa nyingine, methani, ambayo hupasha dunia joto kwa nguvu kuliko hewa ukaa. Bwawa la Nairobi, ambalo zamani watu walitembeza mashua za tanga juu yake, lilifunikwa na gugu maji lililonenepa kwa uchafu uliotoka juu. Maji ni yale yale, na kaboni ni ile ile. Kilichopotea ni kiasi.

Sasa tumrudie yule mtu wa ndoo moja na usingizi wake. Anazo hoja nne, nasi yatupasa kuzisikiliza zote, kwa kuwa mshitakiwa asiyesikilizwa hahukumiwi bali huonewa.

Hoja ya kwanza yasema: ndoo yangu ni ndogo mno, haiwezi kudhuru. Tumchukulie mtu huyo pamoja na wenziwe, jumla yao elfu moja, kila mmoja akimwaga lita 10 kwa siku. Kila mmoja asema ndoo yake si kitu. Kama usemi huo ni kweli, basi elfu ya si kitu ni si kitu, na kijito kitabaki safi. Lakini jioni ikifika kijito kimepokea lita 10,000. Hesabu haiwezi kusema uongo. Basi aliyekosea ni msemaji. Kila ndoo ilikuwa kitu, ila ilikuwa kitu kidogo. Na kidogo si sawa na hakuna. Wazee walijua jambo hili waliposema kwamba haba na haba hujaza kibaba, na bandu bandu huisha gogo. Methali ya kwanza watu huipenda kwa sababu yasifu akiba. Ya pili huisahau kwa sababu yaonya uharibifu. Lakini ni hesabu moja, na mtu hawezi kuikubali inapomletea faida akaikataa inapomletea deni.

Wala si kweli kwamba ushahidi hupotea. Katika bahari ya Malindi hukua matumbawe, ambayo hujiongeza tabaka kwa tabaka mwaka baada ya mwaka, kama mti uongezavyo duara katika shina lake. Mwaka 2007 wanasayansi walitangaza uchunguzi wa tumbawe moja la huko lenye umri wa yapata miaka 300. Ndani ya tabaka zake walipima bariamu, madini ambayo husafiri pamoja na udongo uletwao na mto Sabaki. Tabaka za kale zilionyesha udongo mchache. Lakini tangu mapema katika karne ya 20, wakati ardhi ya bara ilipoanza kulimwa na kukatwa miti kwa namna mpya chini ya utawala wa kikoloni, udongo ulizidi sana. Hapana mkulima aliyedhani kwamba jembe lake lingeandikwa katika kitabu cha mawe chini ya bahari. Lakini liliandikwa. Jina lake halimo, ila tendo lake limo. Yule asemaye kwamba maji hufuta kila kitu hajafika mahali ambapo maji huishia.

Hoja ya pili yasema: uchafu ulikuja kutoka juu, mimi niliukuta. Hoja hii ina kweli ndani yake. Maji yafikayo Kawangware yamekwisha kupita mashamba, masoko na makazi ya wengine. Lakini ukiichunguza utaona kwamba yaweza kusemwa na kila mtu. Mtu wa Kawangware atamnyoshea kidole mtu wa Dagoretti, wa Dagoretti atamnyoshea wa Kikuyu. Na wa Mukuru atawanyoshea wote. Hakuna ambaye ni wa juu tu au wa chini tu, isipokuwa kinamasi na bahari. Kila mmoja wetu ana mtu anayemlalamikia na mtu anayemlalamikia yeye. Apokeaye uchafu kutoka juu ndiye aujuaye vizuri uchungu wake. Angepaswa awe wa mwisho kuupitisha. Kudhulumiwa humfunza mtu mambo mawili, kuichukia dhuluma au kuiga dhuluma, na hapo ndipo tabia za watu huachana.

Hoja ya tatu ni nzito kuliko zote, nayo ni hii: sina njia nyingine. Mama aishiye katika chumba kimoja cha mabati, katika ua wenye watu wengi na choo kimoja kilichojaa, pasipo bomba la maji taka wala gari la kuzoa taka, afanye nini na ndoo yake usiku wa manane? Kumwambia mama huyo kwamba ametenda dhambi, kisha tukaenda zetu, ni ukatili uliovaa kanzu ya wema. Haki haimdai mtu asichokuwa nacho. Humwuliza kila mtu kwa kadiri ya alichoweza.

Kwa kipimo hicho wadaiwa hawako safu moja. Wa mwisho ni yule asiyeweza. Mbele yake yuko yule awezaye lakini hakufanya: mwenye nyumba apokeaye kodi ya vyumba hamsini, naye huelekeza bomba la vyoo kijitoni ili asilipe gharama za kuvisafisha, au mwenye kiwanda afunguaye mfereji wake mvua inyeshapo, akijua kwamba mafuriko yatamfichia siri. Na wa kwanza katika safu ni yule aliyekabidhiwa mamlaka ya kuzuia haya yote naye akatazama pembeni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 43 chataja maji safi na salama ya kutosha pamoja na usafi wa mazingira. Maneno hayo si mapambo. Penye haki ya mmoja pana wajibu wa mwingine, na haki isiyo na mtu wa kudaiwa ni kama hundi isiyo na benki.

Uzito wa jambo hili ulionekana katika mvua za mwaka 2024. Mwezi wa Aprili na Mei mito ya Nairobi ilifurika, na nchini kote watu zaidi ya 200 walikufa kwa mafuriko. Serikali iliwaamuru waliokaa ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito waondoke, na katika mitaa kama Mathare na Mukuru nyumba nyingi zilibomolewa. Ni kweli kwamba ukingo wa mto si mahali pa nyumba; mto una haki ya kunyosha miguu yake wakati wa masika. Lakini ni kweli pia kwamba wengi wa waliojenga pale hawakuuchagua ukingo. Ukingo ndio uliobaki baada ya wengine kuchagua. Kumwokoa mtu na maji kwa kumtupa barabarani ni kumwokoa nusu. Anayependa haki ataulinda mto na mtu kwa pamoja, wala hatakubali kuambiwa kwamba lazima achague mmoja.

Hata yule asiyeweza, hata hivyo, hakuachwa bila ya kitu kabisa. Mikono yake yaweza kufungwa na umaskini, lakini ulimi wake haukufungwa. Anaweza kukataa kuiita hali ile ya kawaida. Anaweza kuungana na majirani kudai choo, mtaro na gari la taka. Nasi hatumwongezei mzigo kwa kusema hivyo, bali tunamrudishia heshima, kwa sababu mtu asiyedaiwa chochote huhesabiwa kama jiwe.

Hoja ya nne yasema: watu wa Malindi siwajui. Wako mbali nami mamia ya kilometa. Mbona nijali kama bahari yao imegeuka rangi ya udongo, au kama matumbawe yao yamefunikwa kwa tope? Mwenye hoja hii hudhani jirani ni yule aliye karibu. Lakini ujirani haupimwi kwa futi. Jirani yangu ni yule ambaye tendo langu humfikia. Mtu akaaye ukuta kwa ukuta nami, ikiwa hatutendeani lolote, ni mpangaji mwenzangu tu. Na mvuvi wa Malindi, ambaye nyavu zake huingia katika maji yaliyopita mlangoni pangu, ni jirani yangu hata kama hatutaonana kamwe. Kadhalika mtoto ambaye bado hajazaliwa ni jirani wa chini, kwa kuwa wakati nao ni mto, na sisi sote tu juu yake.

Na asije mtu wa mitaa ya kifahari akasoma haya akadhani yanawahusu watu wa kijitoni peke yao. Hewa pia ni mto. Mwanadamu akichoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, hutoa hewani kaboni ya yapata tani bilioni 10 kila mwaka, nayo ni kaboni iliyozikwa kwa mamilioni ya miaka. Si mkopo wa jana utakaolipwa kesho. Sehemu iliyo kubwa haikuchomwa Kawangware, ambako watu wengi huenda kazini kwa miguu au kwa matatu. Ilichomwa katika nchi tajiri, na katika nyumba zenye magari matatu uani. Hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvuke mwingi huanguka kama mvua kali. Hivyo mtu wa Kawangware, aliye juu ya Malindi kwa njia ya maji, yuko chini ya ulimwengu mzima kwa njia ya hewa. Atakapomwomba tajiri wa mbali amhesabu kuwa jirani, atatumia hoja ile ile ambayo mvuvi wa Malindi aweza kuitumia kwake. Hatuwezi kuitaka haki ishuke mpaka kwetu, kisha tuizuie isishuke zaidi.

Kama uovu mdogo husafiri, wema mdogo nao husafiri, na pengine hapa ndipo penye tumaini. Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 katika wilaya ya Nyeri, alisimulia kwamba utotoni palikuwa na mkuyu karibu na kwao, mti ambao wazee waliukataza usikatwe wala kuokotwa kuni zake. Kando yake kilitoka kijito, naye mtoto alicheza na mayai ya vyura, akiyadhania kuwa shanga. Alikwenda Marekani kusoma. Aliporudi alikuta mkuyu umekatwa ili majani ya chai yapandwe, na kijito kimekauka. Baadaye alitambua kwamba mizizi ya mkuyu ndiyo iliyopenya ardhini ikayafungulia maji njia ya kutokea. Aliyekata mti alidhani anakata mti; kumbe alikata maji, vyura na shanga za mtoto. Bibi huyo alianzisha harakati za Ukanda wa Kijani mwaka 1977 kwa kupanda miche, kitu kidogo kuliko ndoo, na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Dunia ilikubali kwamba mche mmoja ni kitu.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba wema wa siku moja watosha. Mnamo mwaka 2008 na miaka iliyofuata, John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira, sehemu za mto Nairobi zilisafishwa hata watu wakastaajabu. Kisha takataka zikarudi. Tusiseme kwamba kazi ile ilikuwa bure. Tuseme kwamba mto ni jambo liendalo kila siku, na wajibu kwa kitu kiendacho kila siku hauwezi kutimizwa kwa siku moja. Mtu hanawi mara moja kwa maisha yake yote.

Basi kijana msomaji, ukiulizwa kama yule mtu wa ndoo moja ana deni, usijibu upesi. Uliza kwanza: Aliweza kufanya nini kingine? Nani alimnyima njia bora? Nani alifaidika? Ukishapata majibu, gawa deni kwa haki, na usimwache mkubwa apite bure kwa kuwa mdogo ndiye aliyeonekana. Lakini usikubali kamwe jibu lisemalo kwamba hakuna deni kwa kuwa hakuna ushahidi. Maji hayatupi kitu. Huchukua tu, na kila kichukuliwacho hufika mahali. Mahali hapo pana mtu, au patakuwa na mtu. Huyo ndiye jirani wa chini, naye ana haki ya kutujia na swali, hata kama hajui majina yetu.